Mikono ya mama ntilie, Njombe, mwezi wa saba

Chenji alinirudishia kwa kuibana noti kati ya kidole cha shahada na cha kati, kama mtu anayeshika sigara. Kidole gumba kilibaki kimesimama pembeni, hakikunjiki. Nikamwomba anioneshe. "Aa, baridi tu hii," akasema, akiuficha mkono kwenye kitenge. "Njombe ndivyo ilivyo. Ukifika mwezi wa tisa inaondoka yenyewe."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai. Mimi ni tabibu, na kibanda chake kipo kwenye njia ninayopita asubuhi kwenda kazini, kwa hiyo kisa hiki nimekifuatilia zaidi nikiwa kwenye benchi la mteja kuliko kwenye kiti cha chumba cha matibabu. Mama huyu ana miaka 46 na anauza chai, chapati, ugali na maharage. Akinihitaji ananiita daktari, akisahau ananiita mwanangu, nami humwamkia shikamoo kabla ya kuagiza. Jina lake silitaji. Ruhusa ya kueleza mikono yake alinipa, kwa sharti kwamba nisieleze anavyopika maharage yake.

Nilichokikuta

Migongo ya mikono yote miwili ilikuwa imepauka, na ngozi ya juu ya vifundo vya vidole imekuwa nene, yenye mikunjo mingi kama ya kiwiko. Mkono wa kulia ulikuwa na nyufa 7. Mbaya kuliko zote ilikaa kwenye ncha ya kidole gumba, pembeni mwa ukucha, imeshuka hadi kwenye nyama nyekundu. Huo ndio uliomzuia kukunja kidole. Mkono wa kushoto ulikuwa na ufa mmoja tu, lakini chini ya pete ya ndoa, na kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa imevimba kidogo, inawasha na kutoa magamba. Viganja vilikuwa vikavu na vigumu. Hapakuwa na malengelenge wala usaha.

Alikuwa ameshajaribu mengi. Mafuta ya mgando alipaka kila usiku, tangu Mei. Jirani alimshauri ndimu na chumvi, akatoa machozi. Akajaribu mafuta ya taa, kwa sababu bibi yake aliyatumia kwenye magaga ya miguu. Mafuta ya taa yanayeyusha hata yale mafuta machache ambayo ngozi imebaki nayo, kwa hiyo hapo alijiongezea tatizo kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho akaenda duka la dawa, akauziwa krimu ya tyubu ndogo yenye dawa tatu ndani yake: ya bakteria, ya fangasi, na steroidi kali.

Hiyo krimu inastahili maneno yake peke yake. Alipoipaka, muwasho uliisha kwa siku tatu na ngozi ikalainika. Akaacha. Wiki moja baadaye mikono ikarudi vile vile, na baadhi ya sehemu zikiwa mbaya zaidi. Nilipomkuta alikuwa kwenye tyubu ya tatu. Steroidi inazima uvimbe, na kwa kazi hiyo ni dawa nzuri ikipangiwa siku zake. Ikipakwa ovyo kwa miezi inaifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba ndiyo inayochanika upesi. Kama chini yake kuna fangasi, steroidi humfichia mwenye kutazama alama zake huku fangasi akiendelea kuenea. Kina mama wengi wanaoogopa mkorogo kwa sababu nzuri kabisa hawajui kwamba steroidi kali kama hizi zimo pia katika baadhi ya mikorogo hiyo hiyo.

Je, ni baridi?

Kila aliyekuwa kwenye benchi siku hiyo alikuwa na jibu moja, na si jibu la kipumbavu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda hadi uwanda wa juu wa Kitulo kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa sakitu. Ngozi haipendi hali hiyo. Tezi za mafuta hupunguza kazi, na viganja havina tezi hizo kabisa, hata Dar es Salaam kwenye joto.

Ukungu wetu pia unadanganya. Mtu anaona asubuhi imelowa, anadhani hewa ina unyevu wa kutosha. Hewa ya nyuzi 8, hata ikijaa ukungu, inabeba kama gramu 8 tu za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ipashe hewa hiyo hiyo hadi nyuzi 30, ambako ingeweza kubeba gramu 30, halafu usiiongezee maji: sasa ina kiu. Itanyonya unyevu popote inapoupata, na mkono uliolowa uko karibu.

Lakini kwa nini mikono tu? Uso wake ulikuwa umepigwa na baridi ile ile tangu alfajiri, na haukuwa na ufa hata mmoja. Sisi wateja tulikaa kwenye benchi lile lile tukiwa na mikono ya kawaida. Zaidi ya hapo alikuwepo binti wa miaka 19 anayemsaidia, anayelala nyumba moja naye na kuamka naye saa 10 usiku. Mikono ya binti ilikuwa laini. Kama mwenye kosa ni baridi peke yake, ilitakiwa iwapige wote.

Kabla ya kwenda mbali nilimwomba avue viatu. Alishangaa, na wateja wawili wakacheka, lakini nilikuwa na sababu. Fangasi wa mkononi mara nyingi hukamata mkono mmoja pamoja na nyayo zote mbili, na asiyetazama miguu hukosea. Nyayo zake zilikuwa na magaga ya kawaida tu, na kati ya vidole pakavu. Nilimuuliza kuhusu muwasho wa usiku na kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna, nikifikiria upele, hapana. Utotoni hakuwa na pumu wala pumu ya ngozi. Nilifikiria pia upungufu wa naisini, yaani vitamini B3, ambao hutokea kwa watu wanaoishi kwa mahindi karibu matupu na huanzia migongo ya mikono. Huo hushika sehemu zote zinazopigwa na jua, shingo ikiwemo, na mtu anayekula maharage yake mwenyewe kila siku simhofii sana. Kisukari tulipima, kilikuwa sawa.

Kilichobaki kunivuta ni ile pete. Ngozi inayoanza kuharibika chini ya pete na kwenye makutano ya vidole ni alama ninayoiheshimu, kwa sababu hapo ndipo sabuni hujificha ukishasuuza.

Saa moja kwenye benchi

Jumamosi nilikunywa chai taratibu kuliko kawaida na kuhesabu. Kwa saa moja, kuanzia saa 1 asubuhi, mkono wake wa kulia uliingia kwenye maji mara 16. Kazi yake huanza saa 11 alfajiri na kumalizika kama saa 9 alasiri. Ujerumani, miongozo ya usalama kazini huihesabu kazi kuwa ya hatari kwa ngozi pale mikono inapokuwa kwenye majimaji zaidi ya saa mbili kwa siku. Mama huyu huzipita saa hizo mbili kabla watoto hawajafika shuleni.

Binti? Binti alichota maji, akamenya viazi, akapeleka sahani mezani, akapokea hela. Vyombo hakugusa. Mama hamwamini na vyombo, anasema anaacha mafuta kwenye vikombe.

Maji yalikuwa ya bomba, baridi ya kuuma mifupa. Sabuni ya unga ilimwagwa kwa kukadiria, na povu likipungua inaongezwa nyingine. Masufuria yaliyoshika masizi aliyasugua kwa majivu, kiganja kitupu, mkono wa kulia. Majivu ni kisuguo kizuri na hayauzwi, ndiyo maana bibi zetu wote waliyatumia. Ila ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo ambacho namba ikipanda uchachu hupungua, ni karibu 5. Sabuni nyingi za kufulia ziko karibu 9 au 10, na majivu yakikutana na maji hupita hapo. Tofauti ya namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 hadi 10 ni mara 100,000.

Wajenzi wa hapa wataelewa upesi kinachotokea. Ngozi ya juu kabisa ni kama ukuta wa tofali za kuchoma uliounganishwa kwa udongo: tofali ni seli zilizokufa, udongo ni mafuta ya asili yaliyo katikati yake. Tofali hazina shida na mvua. Udongo ndio unaoondoka, kidogo kidogo, kila inaponyesha. Sabuni inauosha udongo huo, majivu yanaulegeza, na ukuta uliobaki na tofali tupu haushiki maji ya ndani. Ngozi ikikauka inakuwa ngumu. Ngumu ikikunjwa inapasuka, na ndiyo maana nyufa hufuata mikunjo na ncha za vidole.

Bado sikuwa nimeona kitu kikubwa kuliko vyote, ingawa kilifanyika mbele yangu mara 16. Kila alipotoa mikono kwenye beseni aliinyoosha juu ya jiko la mkaa. Mikono imelowa, ina sabuni ambayo haikuisha, inakaushwa kwa moto kwenye hewa ile yenye kiu niliyoieleza. Maji yanapaa haraka, yanaondoka na unyevu wa ngozi, na sabuni inabaki imekolea kwenye mikunjo. Halafu anarudi kwenye beseni la baridi. Halafu jiko. Nani asingefanya hivyo Julai ya Njombe? Na mimi naota moto hivyo hivyo.

Hapo mafuta ya mgando nayo yakanielea. Mafuta yenyewe yalikuwa sahihi, saa ndiyo haikuwa sahihi. Mgando hauongezi maji kwenye ngozi, unayafungia yasitoke. Yeye alipaka saa 3 usiku, akiwa ameshakaa jikoni nyumbani kwa muda mrefu na mikono imekauka kama karatasi. Alikuwa anafunga mlango wa zizi na ng'ombe wameshatoka.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana mafuta haya yana asili ninayoipenda. Kuanzia mwaka 1859, wachimba mafuta wa Pennsylvania, Marekani, walisumbuliwa na utomvu mzito ulioganda kwenye vyuma vya pampu. Waliukwangua, lakini pia walikuwa wakijipaka penye michubuko na palipoungua. Mkemia Robert Chesebrough aliwaona, akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya alichokiita Vaseline. Kwa maneno mengine mgando uliingia madukani kupitia mikono ya vibarua iliyochubuka.

Tulichobadilisha

Glavu ndiyo ushauri wa kwanza wa kila kitabu, nami niliutoa. Ulidumu siku mbili. Glavu za mpira za jikoni alinunua, zikaingia maji kupitia kwenye mkono, na mikono ikashinda imelowa ndani yake, jambo ambalo nalo linaiumiza ngozi. Kila mteja anapolipa anazivua, akirudi anazivaa. Akaniambia, "Mwanangu, hizi ni za mtu mwenye sinki." Alikuwa na haki. Tukakubaliana azivae wakati mmoja tu, saa 9, anaposugua masufuria yote kwa mkupuo, akiwa na glavu nyembamba za pamba ndani za kunyonya jasho. Mchana kutwa masufuria yanalowekwa na kusubiri.

Majivu aliyaacha kwa shingo upande. Kwa vikombe na sahani alifunga kitambaa kwenye kijiti, wazo lake mwenyewe, na kiganja kikatoka kwenye beseni. Sabuni tulipima kwa kifuniko cha chupa, kimoja kwa beseni. Maji aliyachanganya na ya moto kidogo kutoka kwenye birika, yawe vuguvugu, maana ya moto sana yanayeyusha mafuta ya ngozi kuliko ya baridi. Pete iliwekwa kwenye kabati. Hilo lilihitaji mazungumzo na baba wa nyumba ambayo sikushirikishwa.

Jiko tuliligombania. Sikuweza kumwambia asiote moto, ila alikubali kwamba mikono ikitoka kwenye maji inasuuzwa, inafutwa kwa kitambaa safi kwa kubonyeza bila kusugua, inapakwa mafuta, ndipo iende jikoni.

Mafuta gani lakini? Mgando mkononi mwa mtu anayekanda unga haukubaliki, chapati itanuka. Nikiwa nawaza krimu ya yurea, ya kulainisha ngozi ngumu, ambayo ingempasa kuagiza na ambayo inachoma kwenye nyufa mbichi, binti akasema, "Si apake ya kupikia?" Mafuta ya alizeti ya Singida yalikuwa kwenye dumu nyuma yake. Alizeti ina asidi ya linoliki kwa wingi, ambayo ngozi yenyewe huitumia kutengeneza ule udongo wa katikati ya tofali. Bangladesh waliwahi kuyapaka watoto njiti kwa ajili ya kuilinda ngozi yao, na maambukizi yakapungua. Hayanuki, yanaliwa, yapo. Nikaona aibu kidogo kwamba wazo halikutoka kwangu. Wakatoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji ya nusu lita, wakaijaza, wakaitundika kwenye mlingoti juu ya beseni. Matone matatu kila baada ya kufuta mikono.

Usiku ndipo mgando uliporudi: mikono inalowekwa dakika 10 kwenye maji vuguvugu yasiyo na sabuni, inafutwa juu juu, na ikiwa bado na unyevu inapakwa mgando mzito, kisha soksi safi za pamba. Krimu ya dawa tatu tuliiacha. Badala yake nilimwandikia steroidi peke yake, ya mafuta mazito, usiku tu kwa wiki mbili, sehemu zilizovimba tu, na siku ya kuacha nikaiandika kwa kalamu nene juu ya boksi. Ufa wa kidole gumba ulifungwa plasta juu ya mgando, ukibadilishwa kila asubuhi. Nilimwambia: ukiona usaha, wekundu unaopanda mkono, au homa, usisubiri nije kunywa chai.

Siku ya tano kidole gumba kilikunjika. Wiki ya tatu ilibaki nyufa mbili, na muwasho wa palipokuwa na pete ulikwisha.

Kisha ukatokea msiba mtaani. Yeye ni fundi wa vyombo, na msibani hakuna anayeuliza kama mikono yako ina dawa. Alisugua masufuria makubwa kwa siku tatu, kwa majivu na mchanga, maji ya kisima, na usiku akalala kwenye mkeka na wafiwa bila mgando wala soksi. Aliporudi kibandani nyufa zilikuwa 5, kidole gumba kimefunguka palepale pa mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea hapo. Ngozi iliyopona machoni haijapona kazini: seli mpya huchukua kama mwezi kupanda juu, na baada ya ugonjwa wa namna hii mkono hubaki mwepesi kuchanika kwa miezi kadhaa. Nilimweleza siku ya kuacha steroidi, sikumweleza kwamba mafuta ya kwenye chupa hayana siku ya kuacha. Na sikuwaza msiba, mimi niliyezaliwa hapa hapa.

Kitu kimoja kilichotokana na msiba huo kilinifaa kama jaribio ambalo nisingethubutu kulipanga. Kidole kilipochanika upya mama alishindwa kusugua, na kwa wiki mbili binti akapewa beseni. Chupa ya alizeti hakuitumia, aliona ni ya wagonjwa. Wiki ya pili ya Agosti alinipa chai huku akishika kikombe kwa vidole vilivyonyooka. Makutano ya vidole yamepauka, ufa wa kwanza umejitokeza kwenye kidole cha shahada cha kulia. Alikuwa na miaka 19 na ngozi ambayo mwezi mmoja kabla niliitumia kama ushahidi.

Mama aliutazama mkono wa binti kwa muda, akachukua chupa kutoka kwenye mlingoti, akamdondoshea matone matatu kiganjani bila kusema neno.

Mwishoni mwa Septemba mikono yote minne ilikuwa mizima. Nilimuuliza mama nini kilimsaidia zaidi, nikitarajia angalau kutajwa. Alitazama juu, kulikokuwa na jua la kuchoma tangu asubuhi. "Si nilikwambia mwezi wa tisa?" akasema, akanirudishia chenji, noti ikiwa imeshikwa kwa kidole gumba.